Asilimia 93 ya Nini? Kweli na Uongo Kuhusu Maana

"Asilimia 93 ya mawasiliano si maneno."

Uongo, na ndio uongo ulioenea kuliko mwingine wowote kuhusu jambo hili. Hudhuria semina ya uongozi au ya mauzo, hukosi kuonyeshwa ule mgawanyo: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, uso na mwili asilimia 55. Takwimu zenyewe hazikubuniwa. Zilitokana na tafiti mbili za mwaka 1967 za mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Tatizo ni kile walichopima. Katika utafiti mmoja watu walisikilizishwa neno mojamoja, likitamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki. Katika mwingine neno lilikuwa moja tu, "labda", likiambatana na picha za nyuso. Swali lilikuwa: huyu anampenda anayesema naye, au hampendi? Neno lilipogongana na sauti, watu waliamini sauti. Na uso ukaaminiwa zaidi ya vyote.

Kwa swali hilo, majibu hayo yana akili. Sasa yapeleke kwenye mazungumzo yote uone. Anayesikiliza mpira redioni, asiyeuona uso wa mtangazaji, angekuwa anakosa zaidi ya nusu ya mchezo. Tamthilia za Kikorea zisingehitaji kutafsiriwa, maana mtazamaji wa Mbagala anaziona nyuso na kuzisikia sauti. Zile 93 anazo tayari. Na hebu mjulishe mwenzako, kwa macho na mikono tu, kwamba kikao cha Jumanne kimeahirishwa hadi Alhamisi saa nne. Mehrabian mwenyewe alieleza kwamba hesabu zake zinahusu hisia na mitazamo, basi. Semina zinaendelea kama kawaida.

"Anayejibu 'nzuri' ilhali nyumbani ana mgonjwa, amedanganya."

Uongo. Sikiliza wanavyosalimiana majirani:

"Habari za nyumbani?"
"Nzuri."
"Watoto hawajambo?"
"Hawajambo. Ila huyu mdogo homa imemshika tangu jana."

Hakuna anayeshtuka wala kudai jibu la kwanza lifutwe. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, akitumia aliyoyaona katika visiwa vya Trobriand, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu, si kupashana habari. "Nzuri" ni mojawapo. Habari inakuja baadaye, ikishapata nafasi. Anayeruka hatua hiyo akaanza na homa, ama ana dharura, ama hakufundwa.

"Kila sentensi ni taarifa: ama ya kweli, ama ya uongo."

Uongo. Walii anapomwambia bwana harusi "nimekuoza binti yangu", naye akajibu "nimekubali", hakuna anayetoa taarifa ya ndoa iliyofungwa mahali pengine. Ndoa inafungwa kwa maneno hayohayo. Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, ndiye aliyeishughulikia sana hoja hii, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962, yeye akiwa ameshafariki. Kauli kama hizi, alisema, hatuziulizi kama ni za kweli. Tunauliza kama zimetimiza masharti: nani kasema, kwa nani, kwa utaratibu gani.

Masharti hayo si mchezo. Chukua "nimekuacha". Kwa mujibu wa fiqhi ya Kiislamu, mume akiitamka, talaka inaweza kupita. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara, kauli hiyo peke yake haivunji ndoa mpaka mahakama itoe amri. Sentensi ni ileile, mume ni yuleyule, na bado watu wawili wanaweza kuwa wameachana msikitini huku mahakamani wakiwa mke na mume. Wanawake wanaodai matunzo au mgawanyo wa mali wanaijua tofauti hiyo kuliko wanafalsafa.

"Maana halisi ya neno ni ile ya asili yake."

Uongo. "Fariki" ina mizizi katika neno la Kiarabu la kutengana, ndiyo maana "farakana" ni jamaa yake. Anayeshikilia asili na atangaze basi kwamba abiria wote wamefariki kituoni.

"Sauti ya neno haihusiani na maana yake."

Kweli, kwa sehemu kubwa. Hakuna kitu katika sauti za "mti" kinachofanana na mti. Ferdinand de Saussure aliiweka hoja hiyo katikati ya isimu kupitia kitabu kilichotoka mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Tanakali za sauti ndizo zinazoleta ubishi: kuanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Walimu hupenda kuzitungia maswali ya mtihani. Lakini katika msamiati mzima ni chache.

"Kisichotamkwa hakikusemwa."

Uongo, na hapa pana utamu. Mwalimu ameombwa barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwa kazi ya falsafa, akaandika tu kwamba kijana anajua lugha vizuri na hakosi darasani. Hakuna neno baya, ila msomaji ameshaelewa kwamba kijana hafai. Mfano huo ni wa Paul Grice, aliyetoa mihadhara Harvard mwaka 1967 katika mfululizo uleule wa Austin. Aligundua jambo moja zaidi: maana inayodokezwa inaweza kukanushwa na msemaji bila kujipinga. Mwalimu anaweza kuongeza, "wala simaanishi kwamba hajui falsafa."

Pwani jambo hili halikuhitaji mhadhara. Kanga ina jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu kidogo ya pindo la chini, na mwanamke anaweza kuchagua jina kwa makini, akajifunga, akapita mara mbili mbele ya mlango wa mke mwenza. Ujumbe umefika, na mtaa mzima umeusoma. Mlengwa akija juu, jibu lipo tayari: "Kwani shoga, mimi nimekutaja? Nimevaa nguo yangu tu." Na kwa mujibu wa maneno yaliyotamkwa, hana kosa. Akilalamika zaidi, mlengwa atakuwa amekiri mwenyewe kwamba maneno yale yanamhusu.