WATU WA WASTANI NA WATU WAKALI: MFANO WA BARA HINDI

Katika kila chama cha siasa, na katika kila dini, huonekana watu wa namna mbili. Wa kwanza husema, "Haraka haraka haina baraka." Wa pili hujibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wa kwanza huitwa watu wa wastani, na wa pili huitwa watu wakali. Wengi hudhani kuwa makundi haya ni maadui tu, wala hayana uhusiano mwingine. Lakini habari za chama cha Kongresi cha Bara Hindi zaonyesha kuwa kila kundi lilitegemea mwenendo wa lingine, hata yalipokuwa yakigombana.

Walimu Wawili wa Poona

Kongresi ilianzishwa katika mji wa Bombay mwezi wa Desemba 1885, na wajumbe 72 walihudhuria mkutano wa kwanza. Kwa muda wa miaka ishirini kazi yake kubwa ilikuwa kukutana kila mwaka, kufanya maazimio, na kupeleka maombi kwa Serikali ya Waingereza. Wajumbe walitaka Wahindi wapewe viti zaidi katika mabaraza na vyeo zaidi katika kazi za Serikali.

Kiongozi mashuhuri wa njia hiyo alikuwa Gopal Krishna Gokhale wa mji wa Poona. Yeye aliamini elimu, sheria, na hoja zilizotegemezwa na hesabu sahihi. Katika mji huo huo alikaa Bal Gangadhar Tilak, mwenye gazeti la Kesari. Wote wawili walikuwa Wabramini, na wote waliwahi kufundisha katika chuo cha Fergusson. Tena wote walitaka Wahindi wajitawale. Hawakutofautiana sana juu ya mwisho wa safari. Walitofautiana juu ya njia na mwendo.

Tilak aliona kwamba Serikali haitasikia maombi mpaka ihisi uzito wa umati. Kwa hiyo aliitumia dini. Tangu mwaka 1893 alisaidia kuifanya sikukuu ya Ganesh, iliyokuwa ikisherehekewa zaidi majumbani, kuwa sherehe kubwa ya hadharani. Jambo hilo liliwaamsha watu wengi wasiojua kusoma hotuba za Kiingereza za Gokhale. Lakini lilileta shaka pia, kwa kuwa Waislamu walijiuliza kama taifa linalokusanywa kwa sikukuu ya Wahindu litakuwa na nafasi yao.

Jinsi Wakali Walivyopata Nguvu

Tarehe 16 Oktoba 1905 jimbo la Bengal liligawanywa sehemu mbili kwa amri ya Serikali ya Lord Curzon. Watu wa wastani walikuwa wamepeleka maombi mengi kupinga jambo hilo, lakini hayakusikilizwa. Hapo Tilak na wenzake walipata hoja yao. Kila ombi lililokataliwa lilimdhoofisha Gokhale mbele ya vijana, na kumpa nguvu Tilak. Watu wakaanza kususia nguo za Kiingereza na kuvaa zilizofumwa kwao.

Mwezi wa Desemba 1907 pande hizo mbili zilikutana mjini Surat. Kiatu kilirushwa jukwaani, viti vikarushwa, na mwisho polisi waliwatoa watu ukumbini. Chama kikagawanyika. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Mwaka uliofuata vijana wawili wa Bengal walitupa bomu wakikusudia kumwua hakimu mmoja. Badala yake wakawaua wanawake wawili wa Kiingereza. Tilak hakutupa bomu, lakini kwa maneno aliyoandika katika gazeti lake alihukumiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka sita huko Mandalay, Burma. Kisha mwaka 1909 ilitolewa sheria ya kuongeza wajumbe wa Kihindi katika mabaraza. Nia ilikuwa kuwavuta watu wa wastani upande wa Serikali. Hivyo Gokhale alipata kidogo alichokuwa akiomba, na sehemu ya sababu ilikuwa hofu ya wakali aliowapinga. Lakini kilikuwa kidogo mno, na mpokeaji akaonekana kama mtu aliyenunuliwa. Mwaka 1911 Mfalme George V alitangaza mjini Delhi kuwa Bengal itaunganishwa tena.

Kupatana

Gokhale alifariki mwezi wa Februari 1915. Tilak, aliyekuwa ametoka kifungoni mwaka uliotangulia, alifika mahali pa kuchomea maiti na kumsifu mpinzani wake mbele ya watu. Mwezi wa Desemba 1916, mjini Lucknow, pande zote mbili zilikaa tena katika mkutano mmoja, na Kongresi ikapatana pia na chama cha Waislamu.

Aliyerithi kazi zao alikuwa Mohandas Gandhi. Yeye alimwita Gokhale mwalimu wake wa siasa, na mwaka 1912 alimsindikiza kwa meli kutoka Afrika ya Kusini mpaka Unguja. Kwa Gokhale alijifunza subira na ukweli; lakini kama Tilak, aliwaita watu wa kawaida na kuwaambia wasusie bidhaa. Bara Hindi ilipata uhuru mwaka 1947, ikiwa imegawanyika kwa dini. Mwezi wa Januari 1948 Gandhi aliuawa na Mhindu mwenzake, aliyemshutumu kuwa amewapendelea Waislamu.

Basi mtu wa wastani hushambuliwa kutoka pande mbili. Wenye mamlaka wakimnyima kila kitu, wafuasi wake humwacha na kwenda kwa wakali; na wakali wakikosa wa kuwazuia, mkono wao huwarudia watu wa nyumba yao wenyewe.