Alama za Ngozi: Zipi ni za Kawaida, Zipi Zionyeshwe Daktari

Hapa Marekani watoto wetu wanasoma na wenzao wenye vidoadoa vya kahawia puani na mashavuni. Wengine huuliza nyumbani kama huo ni ugonjwa. Si ugonjwa, wala haviambukizi. Mtu hurithi ngozi ya namna hiyo kwa wazazi wake, na jua huongeza: wakati wa joto vinakolea, wakati wa baridi vinafifia. Hata baadhi ya watu weusi wanavyo. Waambieni watoto wasiwacheke wenzao.

Sisi pia tuna alama zetu, na ni vizuri kuzitofautisha.

Baka la mtoto mchanga
Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na baka la bluu au kijivu kiunoni au matakoni. Haliumi, na mara nyingi hufifia lenyewe mtoto anavyokua. Lakini asiyelijua anaweza kudhani mtoto amepigwa, na hapa mwalimu au muuguzi akishuku hivyo, sheria inamtaka atoe taarifa. Kwa hiyo mwonyeshe daktari baka hilo mapema, umwombe aliandike kwenye faili la mtoto. Mwambie pia anayemlea mtoto ukiwa kazini. Alama ya kipigo huuma, hubadilika rangi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache. Baka hubaki vilevile kwa miezi mingi.

Vipele vyeusi usoni
Watu wazima wengi huota vipele vidogo vyeusi mashavuni na karibu na macho. Havina madhara. Usivikate kwa wembe, vitaacha kovu. Usipake krimu za kujichubua; baadhi zina zebaki, ambayo ni sumu.

Alama ya kuangaliwa
Kansa ya ngozi huwapata watu weusi mara chache. Ikiwapata, mara nyingi hujificha nyayoni, viganjani au chini ya ukucha, na hugunduliwa kwa kuchelewa. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na kansa ya aina hiyo kwenye kidole cha mguu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mwone daktari ukiona:
- doa linalokua, kubadilika umbo au kuwa na rangi zaidi ya moja;
- doa jipya kwenye wayo au kiganja;
- mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka;
- kidonda kisichopona, au doa linalotoa damu.

Unapooga, tazama nyayo zako na za watoto. Na unapopiga simu kuomba miadi, sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na kliniki nyingi zinatakiwa kukupatia bila malipo, kwa hiyo usimtegemee mtoto akutafsirie.