Jumba la Vikapu Lipi Linafaa Nauli Yako?

Je, msomaji mpenzi, una mpwa au binamu mashambani ambaye kila likizo ikikaribia huuliza, "Shangazi, mara hii utanipeleka wapi?" Basi tuseme mtoto huyo anatoka Keringet, yuko sekondari, amerefuka kupita wenzake, na ugonjwa wake ni mpira wa vikapu. Uwezo wako ni safari moja tu. Utampeleka jumba gani?

Swali hili si la mchezo. Keringet, kule Kuresoi Kusini, ni nchi ya baridi, viazi, maziwa na wakimbiaji. Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka wa 2016, 2021 na 2024, alisoma hapo hapo Keringet katika shule ya Winners Girls. Mtoto wa huko anayetaka kukimbia hahitaji kusafiri ili kuona jinsi mabingwa wanavyofanya. Atawaona barabarani alfajiri. Wa vikapu hana bahati hiyo. Aghalabu anacheza kwenye uwanja wa udongo ambao mvua ikinyesha mpira haudundi. Mengine yote ameyaona kwenye televisheni, na televisheni humfuata mwenye mpira peke yake. Haionyeshi wale wanne wengine wanavyohangaika kutafuta nafasi. Haionyeshi hata urefu wa kikapu, mita 3.05, jinsi unavyoonekana ukiwa umesimama karibu.

Kwa hiyo usichague jumba kwa kung'aa kwake. Uliza nani anacheza siku hiyo, na mtoto ataketi umbali gani.

Kwa kipimo hicho, mimi ningeanzia Nairobi. Kutoka Keringet ni matatu hadi Molo, kisha Nakuru, kisha jijini. Ukianza safari mapema unafika mchana. Ukumbi wa Nyayo si wa kujivunia kwa wageni. Lakini ligi yetu imechezewa humo miaka na miaka, na ni mdogo kiasi kwamba utasikia viatu vikilia sakafuni na kocha akifoka. Timu kama Ulinzi Warriors au KPA zikikutana na mpinzani wa kweli, mtoto atajifunza kwa saa mbili mambo ambayo hangeyapata kwa mwaka mzima wa televisheni. Tena kwa mtoto wa kike, mechi za KPA na Equity zina ushindani usiopungua ule wa wanaume.

Kasarani nako kuna jumba la ndani, katika kituo kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Nairobi iliandaa ubingwa wa vikapu wa Afrika mwaka wa 1993, na Kenya ikamaliza ya nne. Wazee wa mchezo huu bado wanausimulia mwaka huo. Hata hivyo, usiende Kasarani kuangalia ukumbi mtupu. Nenda kukiwa na mashindano. Kama hakuna, nauli iwekwe.

Na Kigali? Hapa ndipo pesa za gunia kadhaa za viazi zinapoweza kutumika bila majuto. Jumba la Remera, jirani na uwanja wa Amahoro, lilifunguliwa Agosti 2019 baada ya ujenzi wa takriban miezi sita. Lina viti karibu 10,000. Zamani liliitwa Kigali Arena. Tangu 2022 ni BK Arena. Ni hapo timu yetu ya taifa, Morans, ilipocheza ubingwa wa Afrika mwaka wa 2021, baada ya kukosekana miaka 28. Walikuwa wamefuzu kwa kuipiga Angola 74 kwa 73, Tylor Ongwae akifunga dakika ya mwisho kabisa, na walipofika Kigali wakaishinda Mali. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kuingia ligi ya BAL, ilicheza mechi zake za makundi humo humo. Siku kama hizo, Mkenya anapokuwa uwanjani, ndizo za kungojea.

Lakini tahadhari: ratiba ya BAL hubadilika. Fainali za 2021 hadi 2024 zote zilikuwa Kigali. Za 2025 zikahamia Pretoria. Pata ratiba kwanza, ndipo ukate tikiti ya basi.

Mabasi ya Nairobi kwenda Kigali hupitia Nakuru, kwa hiyo wa Keringet hana haja ya kurudi nyuma. Ni mwendo wa usiku na mchana kupitia Kampala. Gatuna, mpakani, msishangae gari likihamia upande wa kulia wa barabara. Mkenya mzima huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtoto asiye nacho anahitaji hati yake. Ulizeni idara ya uhamiaji mapema, si siku ya safari. Mkipumzika Kampala, ukumbi wa Lugogo, nyumbani kwa City Oilers, unafaa jioni moja, ila kwenda Kampala kwa ajili ya Lugogo peke yake sikushauri.

Kuna wanaoota Marekani. Kama una ndugu huko wa kukulaza, vyema, ila usifuate jina la zamani. Chicago Stadium, alikotamba Michael Jordan, lilibomolewa mwaka wa 1995, na Boston Garden mwaka wa 1998. Majumba yaliyochukua nafasi zao ni mazuri, lakini viti vya bei nafuu viko juu kabisa, na kutoka huko mtoto ataishia kutazama skrini kubwa. Si ndiyo televisheni ile ile aliyoiacha nyumbani?

Popote mtakapokwenda, fikeni saa nzima kabla ya mchezo. Wakati wa kupasha misuli walinzi wa mlango hawajawa wakali, na viti vya mbele bado vitupu. Mketishe nyuma ya benchi la timu, hata kama kikapu kimoja hakionekani vizuri. Atasikia kocha anasema nini mtu anapokosea, na atamwona yule aliyekosea akirudi kukaa.