Herufi, Sauti na Silabi katika Kufundisha Kusoma

Miongoni mwa istilahi zinazotuletea taabu tunapopitia tafsiri za miongozo ya walimu wa darasa la kwanza, hakuna iliyobebeshwa mzigo mzito kama herufi. Mahali pamoja mtoto hutakiwa "aandike herufi b", na mahali pengine "asikilize herufi b". Lakini herufi haisikiki. Herufi huandikwa na kuonekana. Kinachosikika ni sauti.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mtoto aliyeambiwa kwamba herufi hiyo ni "be", akutanapo na neno baba, huunganisha kile alichopewa: be-a-be-a. Naye hakukosea, tuliokosea ni sisi tuliompa jina la herufi badala ya sauti yake. Mtaala wa Darasa la I na la II ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 ulitilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na haja ya kuyatenga maneno haya ikazidi. Kwa hiyo yafaa mwongozo useme wazi jina la herufi au sauti ya herufi, kadiri inavyohusika. Fonimu tuwaachie wataalamu.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno mwambatano. Vitabu vingine hulitumia kwa ch ya chai na pia kwa kw ya kwao. Machoni zote ni herufi mbili. Masikioni, ch ni sauti moja na kw ni mbili. Mwalimu amwambiaye mtoto atenganishe sauti za ch amemtuma kutafuta kisichokuwapo. Tunapendekeza mwambatano ubaki kwa kw na mfano wake, na ch, dh, gh, ny, sh na th ziitwe herufi jozi. Ng' ya ng'ombe nayo ni sauti moja, lakini katika ngoma g husikika. Tumewahi kuletewa rasimu iliyopigwa chapa bila ritifaa hata moja, na ng'ombe wote wakawa ngombe!

Kuhusu silabi tutasema machache. Mbuni, yule ndege mkubwa, ana silabi mbili: mbu-ni. Mbuni, mtu abuniye jambo, ana tatu: m-bu-ni. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Mfasiri asilitoe neno hili kuwa mfano pasipo picha au sentensi.