Kreti Ikae Mbele ya Keria

Ndugu msomaji wa Shika Adabu, wewe unayetoa mboga Kongowea kwa pikipiki, kreti umeifungaje? Mpira wa chubu kuukuu hushika vyema, ila jua huukausha, na siku ukikatika nyuma yako pana matatu. Fundi atataka kuichomelea. Mkatalie, kwani Jumapili keria hiyo hiyo yabeba watoto. Mwambie akate vyuma bapa viwili, kimoja ndani ya kreti, kimoja chini ya keria, vibanwe kwa bolti nne na nati zenye masikio, za kufungua kwa vidole. Nati hizo hulegea kwa mtikisiko. Zikague kila asubuhi. Tena kreti isogee hadi kitini. Ikining'inia nyuma, ukipanda kilima kutoka ferini Likoni, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani haukutii.