Mvua Ikikataa, Tumwondoe Nani?

Ndugu msikilizaji, juzi nilikuwa Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza ukishika barabara ya Musoma. Wengi wenu mnapajua kwa makumbusho ya Wasukuma na ngoma za Bulabo kila Juni. Nikiwa nimeketi kivulini karibu na jengo zinamohifadhiwa ngoma za watemi, mzee mmoja alinikumbusha kwamba zamani mtemi alibeba dhamana ya mvua. Ikinyesha vizuri, alisifiwa. Ikikataa mwaka baada ya mwaka, aliweza kuondolewa kitini.

Kisha akaniuliza: "Mwanangu, ninyi watu wa redio mnatuambia dunia inapata joto na ukame unakuja. Mbona mwaka 2020 ziwa lilifurika likaingia majumbani mwa watu? Tushike lipi? Na safari hii tumwondoe nani?"

Ni maswali mawili, na yote yanastahili jibu.

Tuanze na hilo joto. Jua huipasha ardhi moto, nayo ardhi hulirudisha joto hilo juu. Angani zimo hewa chache zinazozuia sehemu ya joto lisitoroke, mojawapo ikiwa hewa ukaa. Kazi yake ni kama ya blanketi. Blanketi halina moto ndani yake. Linazuia tu joto lako lisipotee. Bila blanketi hilo, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo blanketi lenyewe si baya. Ubaya ni kuliongeza unene.

Jambo hili si uvumi wa jana. John Tyndall alilipima katika maabara mjini London mwaka 1859, na Svante Arrhenius wa Sweden akalipigia hesabu mwaka 1896. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Nyongeza hiyo imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, na misitu inayofyekwa. Dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1.

Wapo wasemao ni jua limezidi ukali. Kama ingekuwa hivyo, anga lingepata joto chini na juu. Vipimo vinaonyesha anga la chini linapata joto, huku tabaka la juu likipoa. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyejifunika vizuri: ndani joto, nje baridi.

Sasa turudi ziwani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi 1. Mvuke huo hunyonywa mashambani, malamboni na ziwani. Mvua ikichelewa, udongo hukauka upesi kuliko zamani. Mvua ikija, humwaga kwa mkupuo. Joto lile lile linaweza kuunguza mahindi mwaka huu, na mwakani likazidisha mafuriko.

Ziwa Victoria nalo ni kama sinia, si mtungi. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mvua ikibadilika, halikawii kupanda au kushuka. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, mvua zikazidi, na kufikia Mei 2020 ziwa likawa limejaa kwa kiasi ambacho hakikuonekana tangu 1964. Mei 2024 likapita hata hapo.

Je, ni blanketi peke yake? Hapana, 1964 pia lilijaa. Lakini wataalamu waliochunguza mafuriko ya 2020 wanakadiria kwamba ongezeko la joto lilifanya uwezekano wake kuwa karibu mara mbili, ingawa wanakiri makadirio hayo yana shaka ndani yake.

Tumwondoe nani, basi? Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Walioneemeka zaidi na moshi huo wako mbali na Kisesa, na katika mkataba wa mwaka 1992 mataifa tajiri yalikubali kutangulia kuupunguza. Tuna haki ya kuwadai.

Lakini mdai naye hulala na njaa akisubiri. Jirani zetu wa Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, walifufua ngitili, ile desturi ya wazee ya kutenga malisho ya kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani. Hazikusimamisha joto la dunia. Zilimpa ng'ombe malisho, na udongo kivuli. Nasi wa mjini, tunaonunua gunia la mkaa bila kuuliza limetoka wapi, tunaweza kuanza kwa kuuliza.

Hayo ndiyo niliyomjibu mzee. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe viti ni vingi." Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.