Mtoto wa Asili Mbili

Baba na mama wakiwa wa mataifa mbalimbali, mtoto wao huitwa chotara. Yeye hurithi pande mbili: sura, lugha, desturi na jamaa. Lakini wazazi wakiachana, mara nyingi upande mmoja huwa karibu naye, na wa pili huwa mbali, hata hana budi kuutafuta mwenyewe. Habari za Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hata 2017, zaonyesha jambo hilo.

Baba yake, ambaye jina lake lilikuwa hilo hilo, alikuwa Mjaluo kutoka Kenya. Alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Hawaii, visiwa vya Marekani vilivyo katika bahari ya Pasifiki. Huko alikutana na Ann Dunham, msichana Mzungu aliyezaliwa Kansas, wakaoana mwaka 1961. Wakati ule majimbo mengi ya Marekani yalikataza Mzungu kuoana na Mwafrika, na sheria hizo zilibatilishwa mwaka 1967. Hawaii haikuwa na katazo hilo.

Mtoto alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Mwaka uliofuata baba alikwenda mbali kuendelea na masomo, na mwaka 1964 ndoa ikavunjwa. Baba alirudi Kenya. Mama aliolewa na mtu wa Indonesia, akahamia Jakarta pamoja na mwanawe. Huko alikuwa akimwamsha kabla ya mapambazuko, amfundishe Kiingereza. Tena alimsimulia mema ya baba yake, wala hakumtia chuki moyoni.

Mwaka 1971 mtoto alirudi Honolulu, akalelewa na babu na bibi, wazazi wa mama yake. Mwaka ule ule baba alikuja kumtazama, akakaa kama mwezi mmoja. Hawakuonana tena, maana baba alikufa kwa ajali ya motokaa huko Nairobi mwaka 1982.

Basi taabu yake ilikuwa hii: watu walipomtazama walimwona Mwafrika, lakini waliomlea walikuwa Wazungu, na Afrika aliijua kwa masimulizi tu. Alipokuwa mtu mzima alifunga safari kwenda Kenya. Aliwaona ndugu zake wa upande wa baba, akafika Kogelo kwa Mama Sarah, mke wa babu yake, akasimama penye makaburi ya baba na babu. Mwaka 1995 alitoa kitabu juu ya urithi huo.

Talaka huvunja ndoa, lakini haivunji ujamaa. Mtoto hakuwatenga wazazi wake, wala kosa si lake; na anayemlazimisha kuchagua upande mmoja humnyang'anya nusu ya mali yake. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Mwenye asili mbili anazo mbili za kutunza.